Ya Mia Yangu Ilikuwa ya Tisini na Tisa

"Yaani walipa pesa ili uogopeshwe?" Mama aliniuliza kwa simu kutoka Mombasa, siku nilipomweleza mara ya kwanza. "Si uje huku upande matatu. Utaogopeshwa kwa shilingi hamsini, na utafika uendako."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilicho nacho ni daftari la shule lenye jalada la bluu, na ndani yake orodha ya rolakosta zote nilizopanda tangu 2016, zile treni za burudani zinazopandishwa juu ya reli kisha zinaachiwa zishuke kwa kasi, kila moja na nambari yake. Wenyewe kwenye mchezo huu huiita krediti. Ukiipanda mara ya kwanza, ikazunguka ikarudi kituoni, unaandika moja. Ukiirudia mara hamsini, bado ni moja. Wako watu wenye mamia, na wako waliopita elfu. Mimi ni mdogo mno katika ukoo huo. Lakini hobi hii imenila pesa, simu moja, wiki mbili za shingo na rolakosta moja ambayo hairudi tena, na najua yupo mtu anayeanza leo ambaye angeweza kuepuka angalau nusu ya hayo.

Nilifika Columbus, Ohio, mwishoni mwa 2015, nikapata kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Julai iliyofuata wenzangu kazini walipanga safari ya Kings Island, bustani ya burudani karibu na Cincinnati, mwendo wa saa moja na nusu. Niseme kweli, nilifuata chakula. Bembea nilizozijua mimi ni zile za Idi kiwanja cha Makadara, zinazosukumwa na vijana kwa mikono, na ukitaka kushuka unapiga kelele tu.

Ya kwanza kupanda ikawa The Racer, ya mbao, iliyofunguliwa pamoja na bustani yenyewe mwaka 1972. Ina reli mbili sambamba, treni nyekundu na ya bluu zinashindana. Niliposhuka ya bluu, tumbo bado liko juu, muuguzi mmoja tuliyekuwa naye akanionyesha upande wa pili: "Panda na ile. Reli mbili, hesabu mbili." Yeye alikuwa na zaidi ya mia mbili. Nikapanda. Nikifikiria sasa, naona ugonjwa uliniingilia pale pale, kwenye ile hesabu, kabla hata sijaijua raha ya kupanda.

Raha niliijua jioni, kwenye The Beast. Ni ya 1979, ina urefu wa mita 2,243, na hakuna ya mbao duniani iliyoipita kwa urefu wa reli. Safari inazidi dakika nne. Inapita msituni, na usiku msitu huo hauna taa. Ikishamaliza mbio zake za kwanza inapunguza mwendo, inashikwa na mnyororo wa pili, inapandishwa taratibu, nawe unaanza kushusha pumzi ukidhani yamekwisha. Kisha inakumwaga kwenye mzunguko unaojirudia mara mbili, mbao zinalia, giza tupu. Nilisoma Ayatul Kursi nikakosea katikati nikaanza upya. Chini, magoti yalikuwa maji, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mtu aliyepagawa.

Usiku ule ule, kabla ya kulala, niliandika: 1, 2, 3.

Msimu wa kwanza ulikuwa mtamu. Mambo mengine nilijifunza kwa kuumia kidogo kidogo, nayo nayasema hapa mapema. Treni za mbao zina viti vilivyo juu ya magurudumu na vilivyo katikati ya behewa. Vya juu ya magurudumu ndivyo vinavyokutikisa meno. Uliza au tazama kabla ya kukaa. Kiti cha mbele kabisa kinakupa macho na upepo, cha nyuma kabisa kinakuvuta: treni inapoanza kushuka, wewe wa nyuma unaburutwa juu ya kilele kwa kasi, ukainuka kitini. Anayekuja kwa ajili ya kule kuelea akae nyuma. Geti likifunguliwa asubuhi, usijiunge na foleni ya kwanza unayokutana nayo. Kila mtu anafanya hivyo. Tembea mpaka mwisho wa bustani urudi nyuma. Na Jumamosi ya Julai waachie wenye subira. Jumanne ya mwishoni mwa Mei, shule hazijafunga, nimewahi kupanda kumi na moja kabla ya adhuhuri.

Cedar Point, bustani nyingine ya Ohio, nilikwenda mara ya kwanza Septemba ile ile. Iko Sandusky, kwenye ulimi wa nchi kavu ndani ya Ziwa Erie, na ukiwa bado barabarani ya kuvuka maji unaziona zote zimesimama kama milingoti bandarini. Hapo nilipata bahati ambayo sikujua ni bahati. Nilipanda Mean Streak, ya mbao, kubwa, ngumu, iliyokuwa katika siku zake za mwisho. Ilifungwa mwezi ule ule. Mwaka 2018 ikarudi na jina jipya, Steel Vengeance: nguzo nyingi za mbao zile zile, lakini juu yake reli za chuma, na sasa inapinduka kichwa chini. Je, hiyo ni ile ile au ni mpya? Watu hugombana kwa hili kama wanavyogombana wazee wetu kuhusu mwezi umeandama au haujaandama. Mimi nimeandika mbili. Kanuni yangu ni kwamba reli ikibadilika, rolakosta imebadilika.

Kila anayehesabu ana kanuni zake, na hakuna kadhi wa kuzihukumu. Uzitunge mapema uziandike, maana usipofanya hivyo utazitunga baadaye kwa kuzielekeza unakotaka hesabu ifike. Nalisema hili kwa uchungu, kama mtakavyoona.

Pesa. Mwaka wa kwanza nililipa tiketi za siku, nne kwa jumla, na maegesho kila mara. Mwaka wa pili nikanunua tiketi ya msimu yenye maegesho ndani yake, ikawa imejilipa kufikia ziara ya pili. Hiyo ni nafuu ya kweli, lakini ina mtego: ukishakuwa na tiketi, mwili unaona kila siku ya mapumziko usipokwenda umepoteza. Halafu kuna visivyoandikwa kwenye tiketi: petroli, moteli, kabati la kukodi, maji ya chupa kwa bei ya chakula cha watu wawili. Mwaka 2019 nilikaa nikajumlisha yote. Dola 2,300. Mwaka huo huo nilikuwa nimemwambia mdogo wangu asubiri kidogo kuhusu karo ya chuo. Alisubiri. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililonikaa. Tangu hapo nina bahasha: zamu za ziada za Januari na Februari zinakwenda humo, na ikikauka Agosti, msimu wangu umekwisha Agosti.

Simu niliipoteza kwenye mpinduko, bustani nyingine, mfuko wa suruali ukiwa wazi. Niliiona ikienda. Mfuko wa zipu, ndugu zangu, na kamba ya miwani kama unavaa miwani. Mke wangu naye ana lake la kuwaambia wenzake: mtandio wa pini usiupande nao. Pini zinachomoka, na wahudumu wana haki ya kukukatalia kitambaa kinachopepea. Anavaa ule wa michezo wa kuvutwa kichwani, kisha kola ya jaketi juu yake, na hajapata kusimamishwa.

Kosa la hatari kuliko yote nililifanya Mei 2019, na lilikuwa la kijinga kwa sababu nilikuwa nimeonywa. Ilikuwa Ramadhani, nimefunga, nimetoka zamu ya usiku nikaendesha gari saa mbili hadi Cedar Point kwa sababu foleni zilikuwa fupi. Saa tisa alasiri nikakaa kwenye Millennium Force. Kilele chake ni mita 94, na mwendo unafika kilomita 150 kwa saa. Pale chini, treni inapogeuza kutoka kuanguka kwenda kupanda, mwili unakandamizwa kitini na damu inakimbilia miguuni. Mtu aliyekunywa maji na kulala vizuri anaona ukungu kidogo pembeni mwa macho, ukapita. Mimi niliona kijivu, kisha sikuona. Nilirudiwa na macho tuko juu ya mlima wa pili, sijui nimepitaje. Nilikaa kwenye benchi mpaka nikaweza kutembea, na sikuendesha gari mpaka baada ya futari. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo ilikuwa mpya?" Haikuwa mpya. Nilishaipanda mara tisa. Nilikwenda kwa sababu tiketi ya msimu ipo.

Sasa niseme la aibu. Ukishafika thelathini, arubaini, zile kubwa zilizo karibu nawe zinakwisha, na hesabu inaanza kutambaa. Zinabaki za watoto: joka la kijani lenye tabasamu, linalozunguka mara mbili kwa mwendo wa baiskeli. Nazo ni rolakosta, zina reli na zina mteremko. Nilipanga foleni peke yangu, mwanamume mwenye ndevu, kati ya watoto wa miaka minne, na mhudumu, binti wa labda miaka kumi na saba, akaniambia kwa adabu kwamba mtu mzima hapandi bila mtoto. Wiki iliyofuata nilimkopa mtoto wa rafiki yangu. Naandika neno hilo kama lilivyo. Nilimwambia baba yake tunakwenda kula aiskrimu. Tulikula aiskrimu pia. Mtoto alipanda joka mara moja, akaogopa, akasema hataki tena, na mimi nilikuwa nimeshaandika nambari yangu kiganjani.

Shingo ilikuwa 2022. Rolakosta moja ya mbao, jina nalihifadhi kwa sababu kosa halikuwa lake, niliipanda mara saba mfululizo jioni moja isiyo na foleni. Kufikia ya nne nilikuwa nahisi. Kufikia ya saba nilikuwa siwezi kugeuka kushoto. Kazi yangu ni kuinua wazee kutoka kitandani. Wiki mbili sikuinua mtu, na zamu ambayo hukufanya hulipwi. Ukipanda za mbao, usiegemeze kichwa nyuma kwa nguvu, acha magoti yapokee mtikiso, angalia mbele ujue kona inakuja. Na ukisikia maumivu, siku hiyo imekwisha.

Hayo yote hayafikii la Kingda Ka.

Kwa wasioijua: ilikuwa rolakosta ya bustani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, tangu 2005. Mita 139. Hakuna iliyokuwa ndefu kwenda juu kama hiyo ulimwenguni miaka yote ile. Haikuwa na mnyororo; mtambo wa mafuta yenye shinikizo ulivuta kebo, na treni ikarushwa kutoka kusimama hadi kilomita 206 kwa saa, ikapanda wima, ikapita kilele kama herufi U iliyogeuzwa, ikashuka wima ikijipindua. Safari nzima haikufika dakika moja.

Septemba 2024 nilikwenda kumtembelea binamu yangu Jersey, nikapata siku nzima ya bustani. Niliingia na 88. Nilipanda Nitro, nikapanda El Toro mara mbili (ile inakurusha kitini kuliko kitu chochote cha mbao nilichowahi kukikalia), nikapanda Jersey Devil na nyinginezo. Ilipofika saa kumi na moja jioni nilikuwa na 98 na nimesimama chini ya Kingda Ka. Foleni ilikuwa dakika arubaini. Hakukuwa na upepo. Ilikuwa inafanya kazi, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

Sikupanda.

Niliona ingekuwa haramu kuipa nambari 99. Kitu kama kile kinastahili kuwa cha mia. Mpango ukajipanga kichwani wenyewe: nitafute moja ndogo Oktoba, nirudi majira ya kuchipua, Kingda Ka iwe ya mia, nipigwe picha. Nilitazama treni tatu zikirushwa, nikanunua fulana yake, nikaenda zangu. Ndiyo, fulana. Bado ninayo.

Tarehe 14 Novemba ilitangazwa kwamba imefungwa moja kwa moja. Msimu ulikuwa umekwisha siku chache kabla, kwa hiyo hapakuwa na siku ya kuaga, hapakuwa na "njooni mara ya mwisho". Waliopanda wikendi ile ya mwisho hawakujua kwamba ni ya mwisho. Nilisoma habari hiyo saa nane za usiku kwenye kituo cha wauguzi, na mzee mmoja niliyekuwa namhudumia akaniuliza nani amefariki. Februari 28, 2025 waliuangusha mnara kwa baruti. Video nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, tuliambiwa tangu utotoni. Sikujua kwamba methali ile ilinihusu.

Kwa hasira nilifanya kosa la mwisho. Januari 2025 nilikuwa nakwenda Mombasa kumwona mama, na nikachagua ndege inayopitia Abu Dhabi, ghali zaidi kwa dola 210, kwa sababu ilikuwa na saa kumi za kusubiri. Ferrari World, bustani ya burudani, iko kisiwa cha Yas, karibu na uwanja wa ndege. Humo mna Formula Rossa, ya 2010, kilomita 240 kwa saa, mtambo wa kurusha wa ukoo ule ule wa Kingda Ka, kutoka kampuni ile ile ya Intamin. Viza ya kupita niliiomba mapema. Teksi, tiketi, kabati: dola 140 hivi. Nilikuwa na 99, pamoja na ile ndogo ya Oktoba. Hii ingekuwa ya mia, na nikienda mbio ningebaki na muda.

Wanakupa miwani ya kuziba macho, kwa sababu kwa kasi ile mchanga na mdudu ni risasi. Sekunde tano hivi, na mashavu yangu yalikuwa yamekwenda masikioni. Sikuweza kuvuta pumzi. Nilishuka, nikamwomba kijana mmoja anipige picha nimenyoosha vidole kuonyesha mia, akadhani naonyesha kitu kingine, tukacheka. Kwa vile tiketi niliilipia, nikakimbilia Flying Aces, nikiangalia saa, nikaipanda, nikatoka nikitafuta teksi. Nambari 101. Ukiniuliza leo Flying Aces ilikuwaje, nitakwambia nilikuwa na wasiwasi wa mlango wa ndege.

Mama aliiona picha akasema nimekonda.

Basi Aprili, Columbus, binti yangu wa miaka saba, ambaye ndiyo kwanza amenogewa na kusoma kila anachokiona, alilichukua daftari. Akalisoma kwa sauti, nami ninapika wali. Halafu akasema, "Baba, kwa nini Racer ziko nne?"

Nikamweleza. Racer ya Kings Island ina reli mbili, kwa hiyo hizo ni 1 na 2. Racer nyingine iko Kennywood, karibu na Pittsburgh, ya 1927, ya zamani sana, nayo ina treni mbili zinazoshindana, lakini ile ina ajabu yake: ukiondoka upande wa kushoto unarudi kituoni upande wa kulia, kwa sababu ukiangalia vizuri ni reli moja tu ndefu, imejikunja...

Nikanyamaza. Wali ukaanza kushika chini.

"Reli moja," binti akasema, "hesabu moja." Kanuni iko ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilijaribu kujitetea. Nilipanda pande zote mbili, nilimwambia. Akanitazama tu. Akachukua kalamu nyekundu akaifuta namba 41, na kutoka hapo akaanza kurekebisha zote zilizofuata, moja moja, ulimi nje kwa bidii. Formula Rossa ikawa 99. Ya mia, ile niliyoikosea Kingda Ka heshima kwa ajili yake, ile niliyoongeza nauli kwa ajili yake, ni Flying Aces ambayo sikumbuki hata rangi ya viti vyake.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nacheka kazini peke yangu.

Agosti ile tulikwenda Cedar Point, yeye na mimi. Alipimwa kwenye kijiti cha inchi 48 akapita kwa unene wa kidole, na nilimchagulia Blue Streak, ya mbao, ya 1964, mita 24 tu, milima mitupu bila mapinduko. Tulikaa katikati ya behewa, si juu ya magurudumu. Foleni nzima hakuacha kuongea. Chuma cha mapajani kilipofungwa akanyamaza kabisa. Mnyororo ukatushika. Ziwa likaanza kuonekana. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na tangu kilele cha kwanza mpaka kwenye breki sikusikia sauti yake, na mimi nikagundua kwamba tumbo langu limepanda juu kama siku ile ya The Beast, kwa ajili yake.

Tulipotoka nilimpa kalamu na daftari lake mwenyewe, jipya, la kurasa 96. Akakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua akaandika "1." Kisha akasita.

"Baba," akasema, "nilifumba macho njia nzima. Inahesabiwa?"

Nikamwambia hilo aamue mwenyewe, aandike kanuni yake ukurasa wa kwanza. Alifikiri. Akaifuta ile moja, akasimama, akanivuta mkono tukarudi kwenye foleni.